Chumvi Yangu mu Sahani ya Jirani

Juzi binti yangu mukubwa alikuwa anapika sombe, majani ya muhogo, mimi niko pembeni natosha mawe mu muchele. Nikaona anavunja kibu moja, ile ya kuongeza ladha, mu sufuria. Kisha ya pili. Kisha akaingiza mukono mu kopo ya chumvi, akatosha kiganja muzima, akatupa ndani kama mutu anatupia kuku mahindi. Nikamuuliza, "Hii yote ni ya sombe moja?" Akanijibu bila kugeuka, "Maman, wageni wanakuya. Unataka waende kusema tunawanyima?"

Ile neno yake, mimi pia niliiwaza zamani, niko na miaka kumi, na ilikaribia kuua mutu. Bon, wacha nikuelezee. Kama ulikomea na kulelewa mu hii muji, mambo mingi utaielewa bila mimi kuimaliza.

Nilikomea kwa koko yangu, mama ya mama, kule Lubunga, ngambo ya muto. Papa alikuwa na kazi Yangambi, mama alimufuata, na mimi nilibaki kwa koko juu ya masomo. Tulikuwa watoto ine mu nyumba: mimi na watoto watatu ya noko yangu, ndugu ya mama. Koko alikuwa mwanamuke mufupi, anatembea haraka, kitambaa yake ya kichwa haianguki hata akitwanga lituma. Ile sauti ya kinu, makemba, ndizi ya kupika, ya moto inapigwa mpaka inavutika, ndio ilituambia saa sita inakaribia. Hatukuwa na saa mu nyumba.

Koko hakusoma hata siku moja, lakini alikuwa na sheria yake ya chakula. Majani kwanza. Matembele, bitekuteku, ngai-ngai, chochote soko inaleta, lakini kijani lazima ionekane mu sahani, kama haionekani hujakula. Samaki aliipendaka ya kufunga mu majani, juu ya makaa, siyo ya kukaanga. Mafuta ya mawese kijiko moja, na ile kijiko ilikuwa ndogo. Ukiomba kuongezewa lituma mara ya tatu, anakuambia, "Tumbo haiko gunia," anafunika sufuria, maneno imeisha. Asubuhi ilikuwa muhogo ya kuchemusha na papai. Sukari tuliiona siku ya Idi.

Na sheria ya pili ilikuwa hii: sahani ya kwanza haikuwa ya nyumba. Koko akitosha chakula mu moto, mbele hata ya kuonja, alijaza sahani moja na kuituma inje. Kwa mwanamuke amezaa, kwa mugonjwa, kwa mutu mwenye moshi haikuonekana kwake tangu jana. Siku moja mutoto mukubwa ya noko alimuuliza kwa nini tusikule kwanza, halafu tutume yenye itabaki. Koko akamuangalia kama amesema matusi. "Yenye inabaki ni ya kuku," akasema. "Mutu unamupa ya kwanza." Sisi tulikuwa na njaa, tunaangalia ile sahani inaenda na mvuke yake. Lakini tulizoea.

Sasa, lazima nikuambie juu ya chumvi, bila hiyo hutaelewa kosa yangu. Ile mwaka bato kubwa za mizigo zilikuwa zinakawia kupanda muto kutoka Kinshasa. Ku soko chumvi waliiuza na kijiko, na mama muuzaji alipitisha kisu juu ya kijiko, chembe moja isizidi. Watu walikuya kutoka njia ya Bafwasende na muchele na nyama ya moshi, ukiwauliza wanataka nini, wanasema chumvi na sabuni. Mugeni akiaga, ulimufungia chumvi kidogo mu karatasi, hata kama huna kitu ingine ya kumupa. Mutu akikupa chumvi, ulijua iko na wewe mu roho. Na mutu akikupikia chakula bila chumvi, ulijua pia.

Koko alificha yetu mu kopo ya maziwa, juu ya kabati. Tukirudi ku masomo, kila mutoto alipewa nusu savoka, yaani parachichi, na koko alitia ku kiganja ya kila mutu chumvi kidogo sana, ya kushika na vidole viwili. Hiyo ilikuwa yako. Unaweza kuimaliza mara moja, unaweza kuilamba polepole mpaka Asri. Mimi nililambaka polepole.

Jirani yetu ya karibu alikuwa muzee mushonaji. Mashini yake ilikaa ku barza, na toka asubuhi tulisikia mguu yake ku pedale. Bibi yake alikufa zamani, watoto yake walishuka Kinshasa, alibaki peke yake. Yeye alienda ku misa Jumapili, sisi ku muskiti Ijumaa. Sahani ya koko haikuulizaka mutu anasali wapi. Muzee alipenda kutucheka. Akiona mutoto iko na kaputula imepasuka nyuma, anaita, "Kuya hapa, nikufungie dirisha, mbu itaingia."

Halafu muzee akaanza kusema kichwa inamugonga. Munganga ya dispensaire alikuya, akamufunga mashini ya kupima ku mukono, akasema ni tension, presha ya damu, na ni ya juu. Akakataza chumvi yote. Akakataza makayabu, ile samaki ya chumvi muzee alipenda kuliko nyama. Alisema, "Muzee, chumvi kwako ni kama sumu, inakwenda polepole tu." Koko alikuwa amesimama pale, akasema, "Chakula yake ni kazi yangu." Toka ile siku kulikuwa sufuria mbili ku moto: yetu, na ndogo ya muzee. Na mutu wa kubeba sahani ya muzee nilikuwa mimi.

Mwanzo haikuwa muzuri. Koko alikuwa hajajua bado kupika bila chumvi. Alipika tu kama kawaida, akaacha chumvi, basi. Muzee alikula vijiko vitatu, akaweka chini, akasema, "Mwambie koko asante, mimi nimeshiba." Nilirudisha nusu sahani kila siku. Na sahani nusu ilikuwa inapita mbele ya macho ya watu wote ku robinet, pahali tunachota maji.

Pale ku robinet ndio maneno ilianza. Msichana moja, mukubwa kwangu kidogo, alifunua sahani yangu, akatia kidole, akalamba. "Eh! Iko kama maji ya kunawa mikono. Muzee ya watu munamupikia kama mufungwa?"

"Munganga alikataza chumvi," nikasema.

"Munganga! Na munganga yeye anakula nini?" Wote wakacheka. Mwingine akaongeza, "Acha uongo. Koko yenu anaiweka juu ya kabati, tunajua. Mukilamba, mutukumbuke na sisi."

Niliondoka na aibu mpaka mu masikio. Nilikuwa nimelelewa na ile neno, mutu unamupa ya kwanza. Na mimi kila saa sita nilikuwa nampelekea muzee kitu hata sisi hatungekubali kukula. Munganga nilimusikia, ndiyo, lakini neno ya munganga ilikuwa neno tu. Ile sahani nusu, niliiona na macho. Nilifikiri koko amezeeka, anaanza kushika mukono, kunyima watu. Na nikawaza kumusaidia, aibu isibaki ku jina yake.

Sikuiba. Hiyo nilijiambia sana: siibi. Chumvi yangu ya savoka, nilifunga mu ncha ya kitambaa yangu, nikala savoka bure, bila chumvi. Kesho yake saa sita, kati ya parcelle yetu na ya muzee, palikuwa na miti ya makemba imesongana. Nilisimama mule ndani, nikasema Bismillahi, nikatia chumvi mu sahani, nikakoroga na kidole. Moyo ilikuwa nyepesi kabisa. Sijawahi kutoa kitu na furaha kama ile.

Muzee alikula kijiko ya kwanza. Akasimamisha mukono. Akaniangalia.

"Leo wewe umekula?"

"Jana nilikula savoka, papa. Leo bado."

"Na jana, savoka ulikula na chumvi?"

Nikaangalia mashini yake. Akaendelea kukula, polepole, mpaka akapangusa sahani na lituma ya mwisho. "Bon," akasema. "Mwambie koko asante."

Hakuniuliza tena. Kila siku nilitia, kila siku sahani ilirudi nyeupe. Koko alifurahi, akaanza kuambia wamama wenzake, "Munaona? Ulimi ni mutoto, ukiifundisha inajifunza." Muzee alianza kunipa vipande ya kitenge imebaki chini ya mashini, nishonee mutoto yangu ya muti. Nilivichukua. Leo nikiwaza, naona alikuwa ananilipa, na alikuwa anajua ananilipa nini.

Ilienda hivyo wiki kazaa. Kisha miguu ya muzee ikaanza kuvimba. Kwanza aliacha viatu, akavaa sapato ya plastiki. Kisha sapato ikakataa. Siku moja tulisikia mashini imenyamaza toka asubuhi, na saa ine mutu akapiga kelele: muzee ameanguka ku barza.

Munganga alikuya mbio. Alifunga mashini ku mukono ya muzee, akapima, akatikisa kichwa, akapima tena. Halafu akageukia koko. "Mama, huyu mutu anakula chumvi."

"Kwangu, hapana," koko akasema. "Napika na mikono yangu hii. Mbele ya Mungu, hata chembe."

"Alors inatoka wapi?"

Koko akaangalia mikono yake. Mimi nilikuwa nyuma ya mulango. Jibu ilikuwa yangu, na sikutoka.

Kesho yake, mutoto ya dada ya muzee, mwanaume mukubwa, alivuka kutoka Kabondo kuya kumulinda. Na unajua watu. Muzee peke yake, nyumba yake nzuri, mwanamuke ya dini ingine anamupikia kila siku, na muzee badala ya kupona anavimba. Hakuna mutu alisema neno yenyewe kwa sauti. Lakini koko akifika ku robinet, maongezi ilikatika.

Saa sita koko alipika, akanipa sahani kama siku zote. Ile siku sikutia kitu. Mupwa ya muzee alisimama ku mulango, hata hakufunua. "Rudisha," akasema. "Uambie koko yako, mujomba amekula ya kutosha kwenu."

Sahani ilirudi imejaa. Mu maisha ya koko hiyo haikuwa imetokea. Aliipokea, akaiweka ku meza, akaifunika, akaenda kutawaza, akasali. Jioni hakukula.

Siku ya pili nilisikia harufu inapita mu makemba. Makayabu. Mupwa alikuwa anakaangia muzee makayabu, na mafuta mingi, kumuonyesha mutu wa damu yake anamupenda. Nilisimama pale nanusa. Nilielewa ile siku, siyo na kichwa, na tumbo: huyu mwanaume anafanya yenye mimi nilifanya, na roho safi kama yangu, na muzee atakufa.

Nilikwenda kwa koko. Alikuwa anachagua majani ya sombe, anatosha vikonyo. Nikasema, "Koko, chumvi ni mimi."

Mikono yake haikusimama. "Chumvi gani?"

"Yangu. Ya savoka. Nilikuwa natia mu sahani ya muzee."

"Yote?"

"Yote."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akachagua majani ingine tatu, ine. Kisha akasimama, akafunga kitambaa yake upya, akanishika ku mukono, siyo kwa nguvu, tukapita mu makemba. Mupwa alikuwa na kijiko ya kukaangia mu mukono. Koko akamuambia, "Papa, mutoto iko na neno. Musikilize, halafu utanifukuza."

Nilisema yote. Sauti ilikuwa ndogo, lakini niliimaliza. Mupwa akacheka vibaya. "Donc sasa ni mutoto? Mumemufundisha muzuri."

Pale sauti ya muzee ikatoka ku kitanda. "Uache mutoto. Mimi nilijua."

Mupwa akageukia kitanda.

"Siku ya kwanza nilijua. Hii ulimi ni ya zamani kuliko wewe. Mutoto alinyima mudomo yake kunipa mimi. Nilipaswa kumuambia aache, sikumuambia. Ilikuwa tamu. Basi."

Koko akasogea mpaka ku kitanda, mikono ku kiuno. "Muzee na nywele nyeupe kama pamba, unajificha nyuma ya mutoto ya miaka kumi? Mimi natembea mu barabara watu wananiangalia kama nyoka, na wewe umelala hapa na siri yako ya chumvi?"

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe ukipona. Sasa hapana, uko mugonjwa, haina maana." Akageukia mupwa. "Na wewe, ile makayabu, papa, itoshe ku moto. Kama unataka kurisi nyumba yake haraka, endelea."

Mupwa alimuangalia, akaangalia sufuria. Akaitosha. Na niliona anapangusa macho na bega, sijui ni moshi.

Nilingoja fimbo. Haikukuya. Mu makemba, tukirudi, koko alisema tu, "Ulitoa kitu yako, hiyo sitakupigia. Lakini ulitoa kwa kujificha. Kama zawadi huwezi kuitoa mbele ya munganga, uiache." Halafu akatembea kidogo, akaongeza, "Na mimi pia. Nilimupikia, sikukula naye. Mutu anakula vipi peke yake kitu ya uchungu?"

Kesho yake alibeba sufuria moja, ile kubwa, mpaka ku barza ya muzee. Sufuria ndogo ilikwisha. Tulikaa wote chini ku kirago, koko, sisi ine, mupwa, na muzee mu kiti yake miguu juu ya sanduku, na tukakula sahani moja kubwa, bila chumvi. Watoto ya noko walikunja uso. Mudogo alisema, "Koko, sisi hatuna tension." Koko akamuambia, "Uko na jirani. Kula."

Na ndio pale koko alijifunza kupika kweli. Juu sasa na yeye alikuwa anakula, aliona shida iko wapi. Alileta ndimu. Alikaanga mbika, mbegu ya maboga, bila mafuta, akaisaga, akatia mu majani. Alichoma nyanya na pilipili ku makaa mbele ya kuitia mu mboga, alifunga samaki na kitunguu na majani ya harufu kutoka nyuma ya nyumba. Siku ya kumi hivi, nilisahau kuwaza chumvi. Mudogo ya noko aliomba kuongezewa.

Munganga alinipa kazi. Alinionyesha kubonyeza mguu ya muzee na kidole gumba, juu ya mufupa, kisha kuachilia. Shimo inabaki mu ngozi, kama mu unga ya kukanda. "Uhesabu inakaa namna gani mbele ya kufunga," akasema. Kila siku nikitoka ku masomo nilibonyeza na kuhesabu. Nilifika makumi matatu. Kisha makumi mawili. Siku ingine inapanda tena, nalala vibaya. Muzee alinicheka, "Munganga yangu, leo nitakufa ao nitashona?" Mimi sikucheka. Nilihesabu.

Mvua kubwa ilipoanza, siku moja nilibonyeza, nikaachilia, na hakukuwa na kitu ya kuhesabu. Nikabonyeza tena pahali ingine. Ngozi ilirudi palepale. Muzee akavuta mguu yake, akaiweka ku pedale, akasukuma mara moja, mbili. Koko alikuwa ngambo ya makemba, anatwanga. Aliposikia mashini, alisimamisha muti ya kinu kidogo. Halafu akaendelea.

Muzee aliishi miaka mingi kisha pale. Nilikuwa nimeolewa tayari alipokufa, na haikuwa tension. Mupwa ndiye alikuya mwenyewe kumuita koko apike ya matanga.

Leo chumvi iko mingi mu maduka yote, haina heshima tena, mugeni ukimufungia chumvi mu karatasi atafikiri unamuchokoza. Bato zinakawia ao hazikawii, sisi hatujui. Lakini sahani ya kwanza, ile ya kwenda inje, niliiona mara ya mwisho mikononi ya koko. Mimi mwenyewe najaribu mu mwezi ya kufunga, natuma hapa na pale. Miezi ingine tunafunga portail, tunakula. Wamama ya umri yangu wanaanguka ku soko, mu kanisa, ku muskiti, na siku ya matanga ndio tunaambiwa: kumbe alikuwa na tension. Kumbe munganga alimukataza vitu.

Mu avenue yetu kuna nyumba kumi na mbili. Ukiniuliza nani mule ndani anakula peke yake kitu bila ladha, juu munganga alisema, siwezi kukujibu. Na tunasalimiana kila asubuhi.